Nyumba Moja, Chupa Mbili

Pale kliniki ya VVU hatuulizani mtu anaumwa nini, maana jibu tunalo wote. Tunaangaliana chupa. Ukitoka dirisha la dawa na chupa isiyofanana na za wenzako, benchi zima limeshaona, na kabla hujafika getini umeshahukumiwa: yule dawa zimemkataa, yule kahamishiwa mstari wa pili, dawa za walioshindwa na zile za kwanza, yule hana muda. Nakaa kwenye mabenchi hayo tangu 2006, hapa Makambako. Hukumu hiyo imenipitia mimi, imempitia mume wangu, na imempitia jirani yangu ambaye kwake ilikuwa na ukweli kidogo. Nasimulia dawa zetu zilivyobadilika na sababu zake kwa kuwa naona vijana wanaoanza sasa wanapewa TLD, kidonge cha VVU cha siku hizi, wanaambiwa wameze, wanaondoka bila kujua ndani ya kidonge kile kuna nini wala kama kuna kingine.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Dar hadi Tunduma. Mkoa wetu wa Njombe unajulikana: utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliukuta na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati nchi nzima ni asilimia 4.4. Kwa hiyo tulipopimwa hatukuwa kioja. Yeye ndiye aliyetangulia kuumwa: kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, suruali zinamvuka. Ilikuwa TB. Wakampima na VVU, kisha nikaitwa na mimi.

Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini mwishoni mwa 2004, ila hukupewa kwa kuwa tu umeambukizwa. Ilibidi kinga iwe imeshuka sana. CD4, yaani hesabu ya seli za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 200 ndiyo ilikuwa tiketi. Yangu ilikuwa 146. Leo mtu akipimwa asubuhi anaweza kuanza dawa siku hiyohiyo, CD4 yake iwe yoyote, na nchi yetu ilishika mwongozo huo wa kumtibu kila mtu mwaka 2016. Sisi tulikalishwa kwenye madarasa ya ushauri nasaha kwanza, na kila mmoja alitakiwa aje na msaidizi wa tiba. Wa kwangu alikuwa mama mkwe.

Siku ya kupewa dawa ndipo tuliposhangaa. Mimi nilipewa kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake: stavudini, lamivudini na nevirapini. Mume wangu akapewa nyingine, ndani yake efavirenzi badala ya nevirapini. Ugonjwa mmoja, kitanda kimoja, chupa mbili. Mama mkwe alitoa maelezo yake palepale koridoni, kwamba mwanawe kapewa ya wanaume, ndiyo yenye nguvu.

Sista mmoja mtu mzima alimsikia. Akatuvuta pembeni, akapasua boksi tupu la glavu na kutuchorea upande wa nyuma. Duara kubwa ni seli ya kinga. Kirusi kinaingia, kinajinakili, nakala inachomekwa kwenye vinasaba vya seli, kisha seli inageuka kiwanda cha virusi. Dawa za kundi la stavudini na lamivudini, alisema, zinampa kirusi tofali bovu wakati anajenga, ukuta hauendelei. Nevirapini na efavirenzi zinakaba mashine yenyewe inayonakili. Zote mbili kazi yao ni moja. Ila mume wangu anatumia rifampisini ya TB, na rifampisini inalifanya ini lichome nevirapini upesi kuliko inavyotakiwa, dawa inabaki kidogo kwenye damu, kirusi kinaizoea. Efavirenzi inastahimili zaidi. "Kwa hiyo mama," akamwambia mama mkwe, "hii si ya wanaume. Ni ya mwenye TB."

Kipande kile cha boksi nilikaa nacho muda mrefu ndani ya droo ya cherehani, pamoja na bobini. Nilikuja kukihitaji kila nilipobadilishiwa dawa, kwa sababu kila dawa mpya ilikuwa inapiga mahali fulani kwenye mchoro uleule.

Dawa ilifanya kazi. Utando mweupe mdomoni ukaisha, CD4 ikapanda, nikarudi kushona. Baadaye ikaja shida kutoka upande ambao sikuutegemea: miguu. Ilianza kama sisimizi wanaotembea kwenye vidole, ikawa ganzi, kisha nyayo zikaanza kuwaka moto, hasa usiku. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na Makambako mwezi Juni chuma cha pedeli kinakuwa baridi kama barafu. Wateja walidhani nakanyaga peku kwa mazoea. Ukweli ni kwamba soksi ikigusa unyayo niliona kama nimekanyaga kaa la moto. Kanzu ya kushona kwa siku moja ikawa ya siku tatu.

Na mwili ukabadilika umbo. Fundi huwezi kujidanganya kuhusu umbo, futi kamba iko shingoni siku nzima. Mashavu yaliingia ndani, mishipa ikajitokeza mikononi na miguuni, makalio yakapotea, lakini tumbo likabaki, tena likaongezeka. Nikaanza kujishonea mikono mirefu na sketi pana. Wateja wengine walinipongeza kwa mimba. Wengine, wale wanaojua, waliangalia mashavu tu wakanyamaza, maana miaka ile uso wa stavudini ulikuwa ni kadi ya kliniki unayotembea nayo usoni.

Kliniki swali lilikuwa moja: "Unameza vizuri?" Namezaje vibaya? Nikajibu ndiyo, kadi ikaandikwa, anayefuata. Siku niliyosema kuhusu miguu nilisema kwa sababu ya biashara, hela ilikuwa inapotea. Daktari akaniambia nivue viatu, nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo na vidole kwa ncha ya pamba, niseme nikihisi. Kuna mahali alinigusa, akaniambia baadaye, sikusema kitu. Akaniambia ni stavudini, inaharibu mishipa ya fahamu, na kadiri unavyochelewa kuiacha ndivyo sehemu nyingine inavyobaki haifufuki. Mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane nayo kabisa. Mimi niliachishwa mwaka uliofuata. Moto uliisha. Ganzi kwenye vidole viwili vya mguu wa kulia ninayo mpaka leo.

Nilipotoka na chupa mpya, benchi likanihukumu: fundi dawa zimemkataa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wanachanganya mambo mawili yasiyohusiana. Kuna kubadilishiwa kwa sababu dawa inakuumiza, au imepatikana iliyo bora. Hapo virusi bado vimekaa kimya na dawa ilikuwa inawaweza. Na kuna kubadilishiwa kwa sababu virusi vimekuwa sugu. La kwanza ni la kawaida kama kubadilishiwa dawa ya presha. La pili ndilo lenye uzito. Ukibadilishiwa, uliza lipi kati ya hayo mawili. Swali linachukua nusu dakika, na sijawahi kuona mhudumu akalikataa.

Dawa mpya ilikuwa na zidovudini, ile tunayoiita AZT, mahali pa stavudini. Kabla ya kunipa walipima wingi wa damu, kwa kuwa AZT inaweza kukausha damu kwenye uboho. Ilinigeuza kucha zikawa na michirizi myeusi, nikapaka rangi, basi. Nikiwa nayo nilibeba mimba, nikajifungua 2011, mtoto akapewa nevirapini ya maji, wiki ya sita wakamtoboa kisigino wakadondosha damu kwenye karatasi. Hakuwa na maambukizi, na kipimo cha mwisho baada ya kuacha kunyonya kilisema hivyohivyo. Leo ananipita urefu. Baada ya uzazi damu yangu ilishuka, nikawa nahema nikipanda kilima cha kwetu, na safari hii sikusubiri kuulizwa. Nikahamishiwa TLE: tenofoviri, lamivudini na efavirenzi, kidonge kimoja usiku.

Efavirenzi mume wangu alikuwa ameshaizoea, kama inazoeleka. Ndoto zake! Alikuwa anaendesha lori kwenye mteremko wa Kitonga akiwa kitandani, anakanyaga breki mpaka mimi naamka. Kichwa kinakuwa chepesi saa mbili tatu baada ya kumeza, kama mtu aliyepiga glasi mbili. Kwa dereva hilo si jambo la kucheka. Aliyemwokoa ni mfamasia, alimuuliza anakula nini usiku. Chipsi mayai, ndicho chakula cha barabarani. Akaambiwa mafuta mengi yanafanya efavirenzi iingie kwenye damu kwa wingi zaidi. Ameze wakati wa kulala akiwa hajala mafuta, na asiendeshe usiku ule. Akahamisha ratiba ya lori badala ya kuacha dawa. Ndoto zilibaki, kizunguzungu kikapungua.

Sasa jirani yangu. Yeye anauza viazi sokoni, na tulianza dawa karibu wakati mmoja, naye kwenye nevirapini. Mwaka 2011, mwaka wa kikombe cha Babu wa Loliondo, ile dawa ya kunywa iliyosemwa inaponya UKIMWI, wengi mnaukumbuka, aliweka chupa juu ya kabati akisubiri kuona. Alikaa miezi. Simlaumu, watu wenye elimu zao na magari yao walikuwa kwenye foleni ileile. Jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia ni tabia ya nevirapini: ukiacha zote tatu siku moja, zile mbili zinatoka mwilini mapema, yenyewe inabaki peke yake kwa siku kadhaa. Dawa moja peke yake mbele ya virusi vinavyozaliana ni shule ya usugu. Aliporudi kumeza, dawa zilikuwa zimekutana na virusi vilivyohitimu. CD4 ikapanda kidogo, ikasimama, ikaanza kuteremka.

Kwake basi mstari wa pili ulikuwa ni wa usugu kweli. Alipewa mchanganyiko wenye atazanaviri na ritonaviri, dawa zinazokaba mahali pengine kabisa kwenye mchoro wa sista, kule mwisho ambako vipande vya virusi vipya vinakatwa na kuunganishwa ili vikomae. Ritonaviri yenyewe inawekwa kidogo tu, kazi yake ni kulizuia ini lisiichome atazanaviri upesi. Akapata nguvu. Ila macho yakawa ya njano.

Nilimkuta sokoni amevaa miwani ya jua, mvua inanyesha, anapima viazi kwa sado. Nikacheka, akanivuta nyuma ya magunia akaivua. "Fundi, ini limekwisha," akaniambia. "Wenzangu wameshaanza kuninunulia sanda." Alikuwa na mpango wa kuziacha tena. Tukaenda wote kliniki siku hiyohiyo. Wakampima ini, likawa zima. Atazanaviri inapandisha bilirubini, ile rangi ya njano, kwa kuzuia njia inayoitoa, na ini lenyewe linakuwa halijaguswa. Daktari akampa njia mbili: avumilie rangi, au abadilishiwe lopinaviri ambayo haigeuzi macho lakini ina vidonge vingi zaidi kwa siku na huharisha wengi. Alikaa akafikiri. Akachagua macho. "Viazi havinunuliwi kwa sababu ya macho yangu," alisema. Kuchagua kwake mwenyewe ndiko kulikomfanya ameze, nina uhakika huo. Angeamriwa, ile miwani ingemshinda. Ipo na mistari zaidi baada ya hapo, yenye darunaviri, lakini huko hupelekwi kwa kukisia. Inatakiwa kipimo cha usugu kinachosoma vinasaba vya kirusi chenyewe.

TLD ilipokuja 2019, vurugu kwenye benchi ilikuwa kubwa kwa sababu safari hii tulibadilishiwa karibu wote. Uvumi ukasema wazungu wanatujaribia. Habari yenyewe ilikuwa ya bei na ubora. Efavirenzi inatolewa, dolutegraviri inaingia. Inazuia ile hatua ya kuchomeka nakala kwenye vinasaba vya seli, inashusha virusi haraka, na virusi vinapata shida sana kuizoea. Septemba 2017 yalitangazwa makubaliano ya kuiuza TLD kwa nchi maskini kwa takriban dola 75 kwa mtu kwa mwaka. Ile dawa ya stavudini tuliyoanza nayo, Cipla ya India ilipoitangaza mwaka 2001 kwa dola 350 kwa mwaka, ilikuwa ni habari ya dunia nzima.

Mume wangu alihamishwa mara moja. Akalala usingizi wa kwanza wa amani tangu 2006, na mimi vilevile kwa kuwa hakuna tena aliyekanyaga breki. Mimi nikawekwa kando. Utafiti wa Botswana, mwaka 2018, ulikuwa umeonyesha dalili kwamba wanawake waliokuwa wanatumia dolutegraviri wakati wa kutunga mimba walipata watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo sisi wa umri wa kuzaa tuliulizwa kwanza mambo ya uzazi wa mpango. Julai 2019, takwimu zilipoongezeka na ile tofauti kupungua, Shirika la Afya Duniani likasema itumiwe na wote, wajawazito wakiwemo.

Katika kuulizwa huko ndipo nilipojua jambo lililonikera. Nilikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Yule daktari kijana akainua macho kwenye faili: "Mama, kijiti na efavirenzi, miaka yote hii?" Efavirenzi inapunguza homoni ya kijiti kwenye damu, mwanamke anaweza kushika mimba akidhani amejikinga. Dolutegraviri haifanyi hivyo. Maana yake, nilikuwa nazuiwa kuhamia dawa inayoelewana na kijiti changu mpaka nithibitishe kwamba nina kijiti. Kitengo cha uzazi kiko mlango wa tatu kutoka CTC, kliniki yetu ya VVU. Hakuna aliyevuka korido. Tangu hapo popote ninapokwenda, iwe kung'oa jino, natoa kadi ya kliniki mezani kabla sijaulizwa, na kama kuna watu chumbani nasema naomba kuongea na daktari peke yetu.

Hilo la korido ndilo ninalolirudia zaidi kwenye kikundi chetu, maana TLD nayo ina watu isioelewana nao. Mzee mmoja wa kikundi ana kisukari, anachukua metfomini hospitali nyingine ambako hawajui kuhusu VVU vyake. Dolutegraviri inapandisha metfomini kwenye damu, kwa hiyo dozi yake isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Yeye alikuwa anameza mara mbili ya hiyo na anaharisha, analaumu maharage. Binti mjamzito alikuwa anameza FEFO, vidonge vya kuongeza damu, na TLD kwa funda moja la maji, tumbo tupu, ili asisahau. Madini ya chuma na kalsiamu yanaishika dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Vimezwe pamoja na chakula, au TLD itangulie saa mbili kabla, au ifuate saa sita baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zenyewe hata chakula hakisaidii, ni kutenganisha saa tu. Na mwenye TB leo hapewi chupa ya efavirenzi kama mume wangu. Anabaki na TLD, anaongezewa kidonge kingine cha dolutegraviri miligramu 50 saa kumi na mbili baadaye, kwa kuwa rifampisini inaichoma nayo. Tenofoviri nayo inataka figo ziangaliwe, ndiyo maana wanatoa damu ya kriatinini; figo zikilalamika ipo abakaviri.

Mimi TLD ilinipa usingizi, ikanipa na kiuno. Nilikuwa inchi 30, nikafika 36 kabla ya miaka miwili. Kuongezeka uzito kumeonekana kwa wengi, zaidi kwa sisi wanawake wa Kiafrika. Niliuliza kama kuna haja ya kubadili. Daktari akanipima presha na sukari, akaniuliza kama nataka kurudi kwenye efavirenzi. Nikakumbuka zile ndoto. Nikaachia nguo zangu zote pembeni, mshono wa ziada huwa naubakiza kila nguo, na nikapunguza ugali wa usiku.

Kitu kilichobadilisha zaidi kukaa kwetu kwenye benchi, kuliko hata TLD, ni kipimo cha wingi wa virusi. Zamani tulihesabiwa CD4, ambayo ni kama kuhesabu majeruhi. Sasa wanahesabu virusi wenyewe: miezi sita baada ya kuanza, kisha kila mwaka ukiwa vizuri. Chini ya nakala 50 ndiyo tunaita haionekani. Ikizidi 1,000 watu wanalia, na sioni sababu ya kulia siku hiyo. Hawakuhamishi mstari papo hapo. Unakaa na mshauri, mnatafuta kinachokwamisha kumeza, kisha damu inarudiwa, na wengi inashuka bila kubadilishiwa chochote. Na ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenza kwa ngono. Hamwambukizi kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitamka hivyo waziwazi 2023. Kunyonyesha ni hesabu nyingine, huko hatari inapungua sana lakini haijasemwa kuwa sifuri. Wanandoa waliolala kwa hofu miaka yote wanastahili kuambiwa hilo kwa sauti, na bado nasikia wahudumu wanaolinong'ona kana kwamba ni siri ya serikali.

Mwaka 2025 ikaja ya sindano. Sauti ilizunguka kwenye vikundi vya WhatsApp: imekuja sindano ya miezi sita, vidonge basi. Hizo ni sindano mbili tofauti zilizochanganywa. Ya miezi sita ni lenakapaviri, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kinga, yaani kwa mtu ambaye hana VVU. Aliye na VVU akiichoma peke yake na kuacha vidonge anarudia yaliyompata jirani yangu. Ya matibabu ni jozi, kabotegraviri na rilpivirini, mbili kwa pamoja, moja kila takoni, kila miezi miwili. Ilijaribiwa mpaka hapa kwetu Afrika, Uganda, Kenya na Afrika Kusini, na Julai ileile ilipendekezwa kama njia mbadala kwa watu wazima na vijana ambao virusi tayari vimefubaa kwa vidonge. Kwenye kliniki yangu bado ni vidonge.

Mume wangu alipoisikia alifurahi kama mtoto. Shida ya dereva ni chupa. Inalia kwenye kabini kila tuta, utingo anauliza ni njugu? Amejaribu kuijaza pamba, amejaribu kuificha kwenye soksi. Sindano za kila miezi miwili, hakuna chupa, hakuna utingo. Akaenda kuuliza, akarudi kimya. Ana homa ya ini B, iligundulika walipomfanyia vipimo vya ini miaka michache iliyopita. Tenofoviri na lamivudini zilizo kwenye TLD zinaishikilia pia homa ile, kidonge kimoja kinafanya kazi ya magonjwa mawili. Sindano haiigusi. Akiacha vidonge, VVU vitakaa kimya na ini litawaka.

Mimi ambaye sina homa ya ini ningeruhusiwa, nami sijaitamani. Napewa vidonge vya miezi sita kwa mara moja, naingia kliniki mara mbili kwa mwaka na kurudi dukani. Sindano ingenirudisha kwenye benchi mara sita. Aliyetaka hafai, anayefaa hataki, akasema daktari kijana, akacheka. Kisha akamuuliza mume wangu kama tatizo ni dawa au ni chupa. Akamfundisha kubaki na kifuko kile cha kukausha unyevu, na kukata kipande cha sponji kinachoingia chini ya kifuniko ili vidonge visicheze. Sponji nilimkatia mimi, ya kushonea mabega ya koti.